Mwavuli wa Sarah

Kila asubuhi Wegesa aliamka kabla ya wenzake. Alifagia uwanja wa nyumba salama iliyoko pembezoni mwa mji wa Mugumu, akachota maji, kisha akayapanga madumu jikoni. Alipenda kazi za peke yake, kwa kuwa huko hakuna aliyemwuliza habari za kwao.

Nyumba hiyo iliwahifadhi wasichana waliokimbia kukeketwa. Siku za Jumamosi, ndugu wa wenzake walikuja kuwajulia hali. Wegesa alijificha nyuma ya jiko, akisikiliza vicheko visivyomhusu. Alipopokelewa, alimwambia mlezi, Mama Modesta, kwamba anatoka Robanda, kijiji kilicho kando ya mbuga ya wanyama, na hana ndugu. Aliogopa kwamba akikitaja kijiji chao cha Kerende, baba yake angemfuata. Kuhusu mdogo wake, Sarah, hakuwa na hofu: katika ukoo wao mdogo hakeketwi kabla ya dada yake. "Maadamu mimi sipo, Sarah yu salama," alijiambia kila upweke ulipomzidi.

Mwanzoni mwa Desemba alifika msichana mgeni, Jenipha, miguu imejaa vumbi. Alipomwona Wegesa jikoni, alipaza sauti.

"Wegesa wa mzee Mseti! Kumbe uko hai!"

"Umenifananisha. Mimi ni wa Robanda."

"Robanda!" Jenipha alicheka. "Na tembo wako umewafunga wapi? Acha utani, tumechota maji kisima kimoja." Mara kicheko kikamkatika. "Kwenu wamechoka kukungoja. Wazee wamesema wewe umekwisha kupotea, sasa Sarah ndiye mkubwa. Bibi yako ameshamnunulia mwavuli."

Mwiko ulimponyoka Wegesa mkononi. Aliijua miavuli hiyo. Ndiyo waliyofunikwa nayo wasichana waliokwisha kukatwa, wakirudishwa nyumbani kwa nyimbo na filimbi.

"Lini?"

"Kesho kutwa."

Akisema kweli, baba angejua alipo. Akinyamaza, Sarah angekatwa. Wegesa alitoka, akamkuta Mama Modesta akichambua maharage.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona leo unaniamkia mara mbili?"

"Nilikudanganya, Mama. Mimi ni wa Kerende. Nina mdogo wangu." Akaeleza yote huku akilia.

Mama Modesta hakufoka. Aliweka ungo chini, akalipigia simu dawati la jinsia la polisi, kisha afisa ustawi wa jamii.

Kesho yake Wegesa alishinda langoni, hakula. Jua lilipoanza kuzama, gari la polisi lilisimama. Akashuka Sarah, mikono imekumbatia mwavuli mpya mwekundu.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "nilidhani umekufa."

Wegesa alimkumbatia, mwavuli katikati yao. Afisa aliyemleta alieleza kwamba baba yao na wazee wamehojiwa kituoni, na kwamba hakuna atakayewachukua wasichana hao kwa nguvu.

Jioni hiyo Mama Modesta aliwaketisha wote wawili. "Wegesa, hukukosea kukimbia. Mwili wako ni wako. Lakini uliniamini nikupe kitanda, hukuniamini nikupe msaada. Nisingeweza kumlinda mtoto nisiyejua kama yupo. Mkiwa hatarini, mwambieni ukweli wote mtu mzima anayewalinda, tena mapema."

"Nimeelewa, Mama."

Asubuhi mvua ilinyesha. Wegesa alipochukua dumu, Sarah alikuwa amekwisha kusimama mlangoni akimngoja. Wakaenda kuchota maji pamoja, chini ya ule mwavuli mwekundu.