Kompyuta Iliyokula Betri

Kila akitoka shule, Elinipa alivua sare, akala kiporo, kisha akaenda kwenye karakana ya mjomba wake Didas, pale mtaa wa Picha ya Ndege. Kazi yake ilikuwa kupuliza vumbi kwenye kompyuta za mtumba na kutenganisha skrubu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mjomba alikuwa amemwahidi kwamba likizo ya Juni angemwachia aunde kompyuta yake ya kwanza, peke yake.

Wiki hiyo walikuwa na kazi ya Bi Mwanamkuu, mkulima wa mihogo kutoka Kibuta. Alitaka kompyuta ya bei nafuu ya kuunganisha kwenye televisheni, ili watu wa nyumbani kwake watazame filamu. Alisisitiza jambo moja tu: iwe inakula umeme kidogo. Mjomba alimhakikishia kwamba itakula kidogo sana.

Siku ya Jumamosi, kabla mteja hajafika, Elinipa alichomeka kipima umeme ili ajiridhishe. Jana yake kilisoma wati kumi na nane. Sasa kilisoma sabini na mbili, na feni ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga. Alichungulia ndani. Mjomba alikuwa ameongeza kadi ya picha, kubwa na ya zamani, ili filamu zing'ae zaidi.

"Mjomba, inakula sabini na mbili."

"Si kidogo hiyo? Pasi inakula elfu nzima."

"Bi Mwanamkuu hana umeme wa nguzo. Ana sola."

Mjomba akamwambia asimfundishe kazi aliyoianza kabla Elinipa hajazaliwa. Kadi ile ilikuwa imekaa rafuni miaka miwili bila mnunuzi, na leo imepata pa kwenda.

Elinipa alirudi kwenye skrubu zake, akiwaza. Bi Mwanamkuu alikuwa amewasimulia mwenyewe: ana betri moja, na ndiyo inayowasha taa na kuchaji simu. Mkwewe Zubeda alikuwa na mimba ya miezi tisa. Uchungu ukimshika, simu ndiyo ya kumwita bodaboda. Betri ikiisha kwa filamu, wangempigia kwa simu gani?

Bi Mwanamkuu alifika saa nne. Elinipa akamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akajibu, macho yakiwa kwenye skrini. Picha ilimpendeza. Mjomba alianza kuifunga kompyuta kwenye boksi huku akimtania kwamba sasa majirani watahamia kwake. Kamba ikazungushwa mara ya kwanza. Elinipa aliiona Juni yake ikiyeyuka, lakini akasimama.

"Bibi, usiichukue. Betri yako haitafika hata saa nne za usiku."

Kamba ikasimama. Mjomba alimtazama kwa jicho ambalo Elinipa hakuwahi kuliona. Bi Mwanamkuu akageuka polepole.

"Kweli, fundi?"

Mjomba angeweza kukana. Badala yake akaanza kuifungua kamba. Alichomoa kadi ile, akaiunganisha kompyuta kwenye betri kuukuu ya karakana, akawasha. Kipimo kilishuka hadi kumi na nane. Filamu ilicheza vizuri vilevile, na feni haikusikika tena. Walikaa wakaitazama mpaka ikaisha, na betri bado ilikuwa na nguvu.

Bi Mwanamkuu alikunja kanga yake mapajani.

"Fundi, mwenye umeme wa nguzo akisema kidogo, anafikiria pesa ya luku. Mimi nikisema kidogo, namfikiria Zubeda gizani. Ukinificha kasoro, wewe utalala vizuri. Nitakayekesha ni mimi. Kazi nzuri ni ile inayomfaa aliyeiagiza, na ukweli wake husemwa kabla mzigo haujafungwa. Huyu mtoto amelijua hilo mapema."

Mjomba alikubali kwamba alikosea, akamwomba mama huyo radhi. Akaifunga upya kompyuta, nyepesi zaidi, akampakia kwenye bodaboda. Lakini pikipiki ilipokwisha kuondoka, alimgeukia Elinipa. Alisema yeye kama mjomba amekiri kosa lake. Sasa Elinipa naye aombe radhi kwa kumwumbua mbele ya mteja, au Juni asikanyage pale.

Elinipa alifuta mikono kwenye gauni lake.

"Nilikwambia kwanza tukiwa wawili, ukakataa. Siombi radhi, mjomba."