Trei ya Tatu

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule, msichana waliyemwita Kiherehere alifuatana na mama yake kazini. Jina hilo alilipata kihalali, maana hakuna kitu alichokiona asikishike. Mama alikuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti wa mboga na matunda. Kazi ya binti ilikuwa moja tu: kumwagilia miche ya nyanya kitaluni.

"Maji kidogo, na usiguse lebo," Mama alimwambia, kama kila wiki. "Nusu ya miche hii ni ya kawaida. Nusu nyingine, ile jeni inayoiamuru nyanya iive tumeipunguza nguvu, kama unavyopunguza sauti ya redio. Nyanya zake zitakaa wiki tatu bila kuoza."

"Mbona yote inafanana?"

"Ndiyo maana kuna lebo, mwanangu."

Mama alipoingia maabara, Kiherehere akavuta mpira wa maji kwa pupa. Mpira ukanasa kwenye trei, trei ikaenda chini puu! Vikopo kumi na viwili vikalala chali, lebo zikatawanyika. Akatazama huku na huku. Hakuna mtu. Akasimamisha vikopo, akachomeka lebo kwa kubahatisha, akafagia udongo. Ungeapa hakuna kilichotokea.

Lakini mchana aliacha chakula chake, akarudi kuitazama ile trei. Jumatatu miche ingepelekwa kwa wakulima wa majaribio. Akamkumbuka mmoja wao aliyefika wiki iliyopita, akilalamika kwamba nusu ya mavuno yake huozea njiani. Sasa angepewa mche usio wenyewe, na kazi ya Mama ya miaka mitatu ingeonekana ya uongo.

"Mama," alisema, machozi yakimlengalenga, "nimeangusha trei ya tatu. Lebo nimezirudisha ovyo."

Mama akajishika kichwa. "Ole wangu! Miaka mitatu!" Kisha akainuka. "Twende kwa mkuu wa kituo. Utamwambia mwenyewe."

Mkuu, mwanamke mfupi mwenye miwani minene, alimsikiliza mpaka mwisho. "Lebo zimechanganyika, lakini jeni ziko palepale ndani ya majani," akasema. "Kateni kipande cha jani la kila mche. Tunapima kitalu kizima."

Jumapili jioni mashine ya kupimia jeni ikatoa majibu. Kwenye trei ya tatu, lebo nane zilikuwa si mahali pake. Zikarudishwa moja moja. Kiherehere akashusha pumzi ndefu hadi mkuu akacheka.

"Ila trei ya tisa nayo ina lebo mbili zilizobadilishana," mkuu akaendelea. "Uliigusa?"

"Hapana, shikamoo... yaani, hapana, mama!" Kiherehere akababaika.

Mama akakohoa. "Trei ya tisa niliipanda mimi, bosi."

Mkuu akavua miwani. "Basi mshukuru mwanao. Angenyamaza, kosa lake na lako yangefika shambani kwa mtu, naye asingejua kwa nini nyanya zake zinaoza. Amesema mapema, tumerekebisha hapahapa mezani." Akamgeukia Kiherehere. "Jumamosi uje. Maji kidogo."

"Na nisiguse lebo."

"Guseni tu. Mkiangusha, semeni."

"Tutasema," Mama akajibu haraka, kabla ya binti yake.