Shingo ya Kinda la Korongo

Baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa darasa la sita walishika mifagio na matambara kama kila siku. Wengine walikwenda kusugua ngazi, wengine vyoo. Fumika alibaki darasani peke yake kupanga madawati. Nje, korongo waliokuja kukaa majira ya baridi walipiga kelele mashambani, wakiokota mpunga ulioachwa na wavunaji.

Ubao wa picha ulikuwa mezani. Aliuchonga pamoja na mwanafunzi mwenzake Tatsuki: yeye korongo wawili wakubwa, Tatsuki kinda aliyesimama katikati yao. Alasiri hiyo ungepakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi, na picha ingetundikwa mlangoni mwa shule. Lakini bawa la kinda lilikuwa bado halijaisha.

"Huyu mvivu atatuaibisha," Fumika alinung'unika. Akachukua patasi. Akachonga unyoya mmoja, wa pili, na kwenye wa tatu mkono ukateleza. Patasi ikapita shingoni mwa kinda, kipande cha mbao kikaruka sakafuni.

Wenzake walikuwa wanapanda ngazi. Haraka haraka akachanganya gundi na vumbi la mbao, akaziba pengo, akalilainisha kwa kidole. Kwa kutazama juu juu, usingejua kitu.

Kipindi kilipoanza, Tatsuki alimalizia bawa asigundue lolote. Mwalimu Sakoda akapitisha rola ya wino mweusi, akalaza karatasi juu ya ubao. Tatsuki aliisugua kwa nguvu zake zote, kisha akaibandua huku anatabasamu. Tabasamu likaisha. Kiraka kibichi kilikuwa kimeng'oka na rola, na kichwa cha kinda kikabaki kinaelea peke yake.

"Jamani, kinda kachinjwa!" mwanafunzi mmoja alipiga kelele.

"Nani mwingine? Tatsuki na uzembe wake!" mwingine alidakia.

Juma lililopita Tatsuki alikuwa ameweka mkono mbele ya patasi akajikata. Mwalimu alimwonya kuwa akifanya uzembe mwingine, hatashika patasi tena mpaka mwaka uishe.

"Tatsuki, ni wewe?" Mwalimu aliuliza.

Tatsuki alijikuna kichwa. "Sikumbuki, Mwalimu. Lakini kinda ni wangu. Labda nilimkata bila kujua."

Akapanga patasi zake kisandukuni, akampelekea Mwalimu kwa mikono miwili, kisha akainama kuwaomba radhi wenzake. Fumika angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini kumwona mwenzake ameinama kwa kosa lisilo lake kulimshinda.

"Ni mimi!" alisema, machozi yakimtoka. "Nilichonga sehemu yake wakati wa usafi, nikaziba kwa gundi. Tatsuki hana kosa!"

Wenzake wote walimgeukia.

"Kumbe wewe!" Tatsuki alifoka. "Na mimi nimeshaanza kudhani nimechanganyikiwa!"

"Nisamehe. Niliona unachelewa."

"Nachelewa wapi? Manyoya ya kinda hayataki pupa!"

Mwalimu Sakoda aliuvuta ubao. Akachora mraba kuzunguka pengo, akaanza kulichimba.

"Mwalimu, unazidi kuuharibu!" Fumika alilia.

"Tulia, mwanangu."

Alichimba mpaka likawa tundu safi la pembe nne. Akakata kipande cha mti mpya, akakigongomea ndani, akakisawazisha. Kisha akamrudishia Tatsuki kisanduku chake.

"Chonga shingo upya. Fumika, mshikie ubao."

Kengele ililia, hakuna aliyeondoka. Tatsuki alichonga taratibu, Fumika akiushikilia ubao kwa nguvu, hathubutu hata kukohoa. Ubao ukapakwa wino tena, na karatasi ya pili ilipobanduliwa, kinda alikuwa mzima, amesimama kati ya wazazi wake.

"Shingo nene kama ya mjomba wangu," Tatsuki alisema, na darasa likaangua kicheko. Fumika naye alicheka huku akijifuta machozi.

"Gundi yako ilificha pengo, Fumika, lakini ilipofika saa ya wino haikufaa kitu," Mwalimu alisema. "Ili mti mpya ushike, ilibidi kwanza tulifungue pengo lote, kila mtu akiona. Kosa nalo ni hivyo hivyo. Ulipolisema ndipo tulipopata pa kuanzia kulitengeneza. Haya, sasa uandike jina lako kwenye picha, chini ya la Tatsuki."