Chai ya Asubuhi ya Upasuaji

Kila alasiri akitoka shule, msichana mmoja wa darasa la sita alipitia kwanza karakana ya baba yake, iliyokuwa mbele ya nyumba. Aliweka mkoba kando, akafagia maranda yaliyojikunja chini ya meza, akaokota misumari iliyodondoka na kuirudisha kwenye kopo lake. Baada ya hapo ilifuata kazi aliyoipenda kuliko zote: kusoma.

Baba yake alikuwa seremala hodari, lakini Kiingereza hakukijua. Kila kopo jipya la gundi au vanishi lilikaa mezani likimngoja binti yake.

"Haya, Mkalimani wetu," Baba alimwita siku moja huku akipuliza vumbi kwenye randa. "Hili linasemaje?"

"Linasema gundi hii inakauka haraka, baba. Neno lenyewe hili hapa, 'fast'. Maana yake haraka."

"Dada, umesikia?" Baba alipaza sauti kuelekea jikoni. "Wenzetu wana madaktari wa watu, sisi tuna daktari wa makopo!"

Shangazi, aliyeishi nao tangu mama wa msichana afariki, alicheka. "Mwache mtoto asome. Wewe kazi yako kugonga tu."

Msichana alizipenda sifa hizo. Ndiyo maana alipokutana na neno lililomshinda, hakusema limemshinda. Alilitazama, akalikisia, akasonga mbele. Mara nyingi alibahatisha, na hakuna aliyejua.

Kisha Baba akaanza kuugua ngiri. Alikuwa akiinua mbao nzito, mara anashika tumbo na kuketi juu ya gogo, jasho likimtoka. Hospitalini waliambiwa kwamba lazima apasuliwe.

Siku moja kabla ya upasuaji, Mkalimani alimsindikiza kwenda kupimwa. Daktari alikuwa mgeni, hajui Kiswahili. Sista aliyekuwa akimtafsiria alikuwa ameitwa wodi nyingine kwa haraka. Daktari akamtazama msichana katika sare yake ya shule, akamuuliza kama anajua Kiingereza.

Msichana akaitikia kwa kichwa kabla hata ya kufikiri.

Daktari alisema polepole. Mengi aliyaelewa: kesho, saa moja asubuhi, waje hapa hapa. Kisha likaja neno analolijua, "fast". Baba lazima afanye hivyo kuanzia leo usiku.

Kuanzia usiku? Mtu ataharakishaje kuanzia usiku, naye miadi yake ni asubuhi? Jambo hilo lilimchoma kama kibanzi kidoleni.

"Umeelewa?" daktari akauliza.

Baba alikuwa akimtazama kwa fahari, kofia yake mkononi.

"Ndiyo, daktari," akajibu.

"Anasemaje?" Baba aliuliza walipotoka.

"Anasema kesho tuwahi, baba. Tusichelewe hata kidogo."

Asubuhi yake waliamka mapema. Mkalimani mwenyewe aliwasha jiko, akachemsha chai ya maziwa na kumkaangia Baba mayai mawili. Baba alikula pamoja na mkate, vipande vitatu vinene.

"Kula ushibe," shangazi alimhimiza. "Utapasuliwaje na tumbo tupu?"

"Hata kuku wa kuchinjwa hutupiwa punje kwanza," Baba akasema.

"Ukome, wewe! Mdomo wako huo mbaya!"

Walifika hospitalini wote watatu kabla ya saa moja. Sista akamjia Baba na joho la kijani. "Mzee, umekula chochote leo?"

"Sijala, dada yangu," Baba alijibu kwa unyofu.

Hakusema uongo, kwa jinsi alivyozoea kusema. Nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi, kula ni kula chakula cha mchana au cha jioni, chakula cha kwenye sahani. Asubuhi mtu hunywa chai tu, hata kama chai yenyewe ina mkate na mayai. Sista aliridhika. Akampeleka Baba kupitia mlango mpana ulioandikwa "Usiingie". Shangazi akaenda kwenye dirisha la dawa kuchukua bandeji, na msichana akabaki kwenye benchi.

Karibu naye aliketi bibi mmoja mnene, anasinzia, naye kavaa joho la kijani.

"Mjukuu wangu," bibi akanong'ona, "njaa inaniuma mpaka masikio yanavuma. Tangu jana jioni nimefunga. Hata maji!"

"Kwa nini umefunga, bibi?"

"Si wametuambia? Wote tunaopasuliwa hufunga. Wanakulaza usingizi mzito, usingizi wa dawa. Ukiwa na chakula tumboni kinaweza kupanda kooni, kikaingia kwenye mapafu, na wewe umelala, huwezi hata kukohoa. Mtu hufa hivyo hivyo."

Kuanzia leo usiku. Kibanzi kile cha jana sasa kilimchoma moyoni. Daktari hakuwa anasema waharakishe. Alikuwa anasema Baba afunge! Na chai kaipika nani? Mayai kayakaanga nani?

Akautazama mlango. Akisema, kila mtu atajua kwamba Mkalimani hakuelewa. Shangazi atajua. Daktari aliyemuuliza "umeelewa?" atajua. Pengine watamfukuza, pengine mlango wenyewe hautafunguliwa. Lakini nyuma ya mlango ule walikuwa wakitayarisha sindano ya usingizi, na yeye hakuwa na mzazi mwingine.

Akainuka. Akausukuma mlango kwa mikono yote miwili.

"We mtoto! Huoni maandishi?" Sista alimkamata begani.

"Sista, baba yangu! Msimlaze!"

"Tulia. Baba yako yuko salama."

"Amekula!"

"Nimemuuliza mwenyewe, kasema hajala."

"Hajala, lakini amekunywa chai!"

"Chai na nini?"

"Na mkate. Na mayai mawili. Nimemkaangia mimi!"

Uso wa Sista ukabadilika. Alimwachia bega, akageuka na kukimbia, viatu vyake vikilia sakafuni. Msichana alisikia sauti yake kwa ndani, kali na fupi. Halafu kukawa kimya. Akaegemea ukuta, asijue kama amewahi au amechelewa.

Sista alirudi taratibu, anapumua kwa nguvu. "Sindano ilikuwa mkononi," alisema. "Tumeiahirisha kazi hadi kesho. Keti hapa, uniambie ilikuwaje."

Msichana akamweleza yote, mpaka lile la kuitikia bila kuelewa. Alilia, machozi na kamasi. Sista hakumkaripia. Alimpa pamba afute uso.

"Neno hilo lina maana nyingi," alisema. "Ni haraka, kweli. Saa ikitangulia, Waingereza hulitumia hilo hilo. Kitu kikishikamana imara, ni hilo hilo. Na mtu akifunga, asile asinywe, ni hilo pia. Lugha zote ndivyo zilivyo. Mgeni ukimwambia kaa chini, kaa la moto na kaa wa baharini, atapagawa! Kutokujua maana ya nne si kosa. Hata mimi nimekosea leo. Ningemuuliza baba yako kama kuna chochote kilichopita mdomoni."

Kesho yake Baba alipasuliwa akiwa amefunga kweli kweli, akinung'unika tangu nyumbani kwamba hata kuku ana nafuu. Mchana alikuwa kitandani, macho mazito, lakini anatabasamu. Shangazi alikuwa akimpepea kwa kitambaa chake cha kichwa.

Daktari akaja kumtazama. Akasema jambo kwa Kiingereza, akimwelekea msichana. Kwa siku chache Baba ale chakula ambacho ni "light". Neno hilo msichana alilijua: mwanga. Alilisoma kila siku darasani. Lakini chakula cha mwanga ni chakula gani?

Wote walikuwa wakimtazama. Uso ulimwaka moto. "Daktari," alisema, "samahani, sijaelewa."

Daktari akacheka, bila dharau, akamwita Sista. "Chakula chepesi," Sista akatafsiri. "Supu, uji. Hapana nyama ngumu."

Daktari alipoondoka, msichana aliinamisha kichwa. "Baba, mimi si mkalimani hodari."

Baba akamshika mkono kwa vidole vyake vigumu vya kazi. "Mwanangu, mimi nimejenga vitanda miaka mingi, na mpaka leo mteja akiniambia jambo nisilolielewa, namwambia arudie. Nikiona haya kumuuliza, kitanda kitamwangusha yeye, si mimi. Juzi ulinyamaza ili usiaibike. Jana ukasema, na ndiyo maana leo nazungumza nawe. Aibu ya kuuliza hupita, lakini madhara ya kujifanya unajua huweza kumwangukia mwingine asiye na kosa. Umeelewa?"

Msichana akafikiri kwanza.

"Nimeelewa, baba," akasema. Na safari hii alikuwa ameelewa.