Stoo na Meza ya Ngendo

Mwaka wa 2013 kila mtu alitaka simu ya kugusa, hata asiyejua kuigusa. Kinyua alikuwa mmoja wao. Siku ya soko alipenya umati wa Nyeri mjini, shati la drafti lina madoa ya nyanya alizotoka kununua Kagio, akamgonga msichana aliyebeba trei ya spea za simu. Skrubu zikamwagika hadi mtaroni.

"Wee! Macho umeacha nyumbani?"

"Pole, madam. Natafuta fundi. Simu yangu inahang, inaganda kila saa."

"Fundi ni mimi. Okota kwanza!"

Akaokota. Msichana aliitwa Ngendo. Sweta ya manjano, jinzi nyeusi, na vidole vyembamba vilivyoifungua simu kama vinavyomenya ndizi.

"Sikiza. Simu iko na memori mbili. Ya kuweka vitu ni stoo: picha, video, nyimbo. Ya kufanya kazi, RAM, ni meza. Yako ni kameza kadogo na umepanga vitu kumi juu yake. Funga zile hutumii. Lakini usifute picha! Ukitoa mahindi kwa stoo, meza itakuwa kubwa?"

"Haiwezi," Kinyua akajibu, macho kwenye vile vidole.

"Umeshika?"

"Nimeshika. Na namba yako je?"

Ngendo akacheka, akampa. Mapenzi yakashika kasi. Alimwita Fundi Wangu, naye akaitwa Nyanya.

"Nyanya, umekula?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Ati sauti! Kunywa chai, wewe."

Desemba, wazee wa Kinyua walikwenda Kangema kwa kina Ngendo kupanda ithigi, tawi la kumposa msichana. Baba yake Ngendo, Mzee Gicheru, alilishika tawi, akawabariki kwa sauti yake nzito, akacheka na kusema Ngendo ndiye mkono wake wa kulia. Simu ya Ngendo ilikuwa imezima. Kinyua ndiye aliyerekodi. Video ikawa nzito, ikakataa kutumwa.

"Nitakuletea wikendi," akaahidi.

Jumanne mzee akaanguka katikati ya shamba lake la majani chai. Hakuamka.

Baada ya mazishi Ngendo alipiga simu kutwa, na simu ya Kinyua ikaganda kila mara. Inaita, anaigusa, haipokei.

"Unanikatia simu, na mimi niko na matanga?"

"Haki si mimi! Ni hii kitu!"

Roho ilimuuma. Akaapa hatakosa tena simu ya Fundi Wake. Pale sokoni Kagio, amekaa juu ya kreti, akafuta picha zote na video zote. Ile ya mzee alidhani iko kwenye kadi ya memori. Haikuwa kwenye kadi. Na simu, laana yake, ikaendelea kuganda vilevile.

Wiki mbili zikapita, akipiga picha za nyanya kutwa kuwatumia wateja. Kisha Ngendo akapiga, na siku hiyo simu ikapokea.

"Nyanya, leta ile video. Sauti ya baba nimeanza kuisahau."

Kinyua alimkuta Nyeri, kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, amevaa nguo nyeusi, amekonda. Ngendo alipekua simu. Nyanya, nyanya, nyanya tupu. Akaunganisha kompyuta, akatafuta yaliyofutwa tangu mchana hadi vibanda vya jirani vikafungwa.

"Hizi picha za nyanya zimekaa mahali pa ile video," akasema mwishowe. "Haitoki tena."

"Nilifuta ndio simu isihang. Ndio nisikose kukusikia, mpenzi."

"Nilikuambia nini siku ya kwanza?"

Kinyua akanyoosha mkono kuichukua simu.

"Kinyua. Nilikuambia nini?"

"Sikusikia. Nilikuwa nakuangalia."

Siku nyingine yoyote Ngendo angemrukia shingoni kwa furaha. Leo alilia mpaka kamasi, bila kujificha.

"Ulisema umeshika. Baba alikuwa ananisikiza, hata nikiongea upuzi. Sasa hayuko, na hata sauti yake haiko. Nitaolewaje na mtu ataniangalia tu?" Akamrudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima kama mgeni. "Enda salama. Wazee wako wakuje wang'oe lile tawi."

Kinyua alimpigia mwezi mzima. Ngendo hakupokea. Wazee wakaenda Kangema bila yeye, wakaling'oa tawi, wakarudi.

Mwaka uliofuata, sokoni Kagio, dereva wa lori aitwaye Muriithi alikuwa akiilaani simu yake.

"Inahang sana! Wacha nifute hizi picha za watoto."

Kinyua aliruka akaipokonya. "Usifute! Simu iko na memori mbili. Ya kuweka vitu ni stoo. Ya kufanya kazi ni meza. Yako ni kameza kadogo. Ukitoa mahindi kwa stoo, meza itakuwa kubwa?"

Yalikuwa maneno ya Ngendo, yale aliyodhani hakuyasikia, na hakukosea.

"Aisee, nani alikufunza hayo yote?"

"Fundi wangu wa Nyeri," Kinyua akasema, akamrudishia simu, akainama kupanga nyanya ili Muriithi asimwone uso.