Huko Si Kulala

Dada mkubwa alikuwa fundi wa kupaka rangi katika ghala. Mdogo wake alikuwa mpishi wa kantini ya hapohapo. Kila asubuhi walikwenda kazini pamoja, wakigombana njia nzima nani kamchelewesha mwenzake.

Siku hiyo mpishi alikuwa akimenya vitunguu aliposikia kishindo. Alikimbia ghalani. Ngazi ilikuwa imeteleza. Dada yake alikuwa chali sakafuni, amefumba macho, anakoroma.

Msimamizi alisema amelala tu kwa mshtuko. Akaagiza akalishwe kitini, anyweshwe maji, kisha apakiwe kwenye pikapu.

Mlinzi wa getini akafika mbio. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi ya uuguzi kwenye gari la wagonjwa miaka ishirini.

"Asiinuliwe," alisema. "Na maji wekeni mbali."

Alimwambia mtu mmoja apige simu hospitali. Kisha akapiga magoti kichwani kwa mgonjwa, akakishika kichwa kwa mikono miwili kisicheze.

"Njoo uone, mwanangu," alimwambia mpishi. "Huko si kulala. Ulimi umeziba koo. Na aliyeanguka kutoka juu huenda ameumia shingo. Ukikisukuma kichwa nyuma, unaweza kumpoozesha."

Akaweka vidole chini ya masikio, nyuma ya kona za taya, akalisukuma taya mbele. Kichwa hakikusogea. Kukoroma kukakoma, kifua kikapanda na kushuka.

"Na taya lisipotosha?" mpishi aliuliza.

"Hapo unainua kidevu kidogokidogo mpaka hewa ipite. Shingo ina thamani, lakini asiyepumua hatufiki naye popote."

Mara mgonjwa akaanza kutapika. Watu wanne wakamgeuza ubavu kwa pamoja kama gogo, kichwa, mabega na nyonga, huku mzee akihesabu. Matapishi yakatoka nje, hayakumpalia.

Hospitali walikuta pingili moja ya shingo imepasuka. Uti wa mgongo ulikuwa mzima. Daktari alisema wangemkalisha, pengine asingetembea tena.

Mpishi alipojua kwamba mlinzi alikuwa ameomba mara tatu kuwafundisha wenzake huduma ya kwanza, akajibiwa kazi yake ni geti, damu ilimchemka. Aliingia ofisini na aproni yake, bila kubisha hodi.

"Dada yangu nusura mummalize kwa huruma ya kijinga," alimwambia msimamizi. "Anayejua mmempa geti. Asiyejua mmempa amri. Angepooza, nani angenijibu mimi leo?"

Msimamizi aliinamisha kichwa. Kisha akamwita mzee, akamwomba awafundishe wote.

Wiki iliyofuata kazi ilisimama asubuhi nzima. Wote walipiga magoti sakafuni, wakafundishwa kushika kichwa na kusukuma taya. Msimamizi alikosea mara nne. Mzee alimrudisha mwanzo mara zote nne.

Miezi miwili baadaye mpakiaji alianguka kutoka juu ya lori, akazimia. Wenzake wawili walimshika kichwa na taya, wa tatu akapiga simu. Gari la wagonjwa lilimkuta anapumua vizuri. Msimamizi hakuwepo siku hiyo, na hakuna aliyemngoja.