Mbegu Zilizooshwa

Jumamosi asubuhi, kama kawaida, Shangazi alikuwa uani akitayarisha mbegu. Safari hii zilikuwa za soya. Alizilowesha kidogo kwa maji ya sukari, akazimwagia unga mweusi aliouziwa pamoja nazo na mwenye duka la pembejeo, akazigeuza mpaka zikawa nyeusi tii.

Binti wa kaka yake, aliyeitwa Polisi, alikunja uso. Jina hilo hakupewa bure: hata chumvi aliionja kwanza, asije akawa kauziwa mchanga. "Masizi haya!" aliwaza. "Shangazi kaibiwa mchana kweupe."

Shangazi alipoingia ndani kuchukua majembe, Polisi alichota bakuli moja la mbegu, akaziosha zikatakata. Hizo alizipanda mwenyewe, mistari ya mwisho, kimyakimya.

Baada ya wiki kadhaa shamba lilikuwa kijani, isipokuwa mistari ile. Ilikuwa ya manjano. Polisi ajishuku mwenyewe? Thubutu! "Kumbe hata mbegu ni mbovu!" Bombani akamtangazia kila mwenye ndoo kwamba mwenye duka ni mwizi. Ulimi hauna mfupa. Wateja wakaanza kulikwepa duka.

Mwenye duka alikuja shambani mwenyewe, kanuna, akawakuta Shangazi na Polisi wakipalilia.

"Dada, miaka yote nauza hapa, leo naitwa mwizi?"

Aling'oa mche wa kijani. Mizizi ilijaa vinundu kama punje za mtama. Alipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu.

"Humu wanaishi bakteria waliokuwa kwenye ule unga," alisema. "Soya inawalisha sukari, nao wanachukua naitrojeni hewani na kuilisha soya. Ardhi hii haijawahi kupandwa soya, kwa hiyo hawakuwamo."

Kisha akang'oa mche wa manjano. Mizizi mitupu.

"Mbegu hizi hazikupakwa."

"Nilizipaka kwa mkono huu!" Shangazi alisema, akimtazama mwenye duka kwa jicho la shaka.

Polisi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akinyamaza, mtu wa watu atabaki mwizi.

"Niliziosha," akasema. "Nilidhani ni masizi."

Mwenye duka aliguna, kisha akaangua kicheko. "Polisi gani huyu anayefua ushahidi! Haya, itieni samadi mistari hiyo, itapata nguvu."

Shangazi hakucheka. "Kushuku si kosa, mwanangu. Kosa ni kuhukumu kabla ya kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Soya tutaitia samadi. Jina la mtu je, tutalitia nini?"

Polisi aliporudi nyumbani alichukua ndoo, ingawa mapipa yote yalikuwa yamejaa, akaelekea bombani. Foleni ilikuwa ndefu, na hiyo ndiyo aliyoitaka.

"Jamani," alisema kwa sauti, "nisikilizeni nyote."